Fukusi Hajui Kusoma

Fukusi wale niliwatia mimi. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka thelathini: mbele ya mama yangu, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa chuo kikuu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama na chaki mkononi, nikieleza jinsi mwanamke wa Migwani asiyejua kusoma alivyobishana na Bwana Shamba juu ya cheti cha afya ya mimea, akamshinda kwa madebe mawili ya mbaazi. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Tuna hakika gani," akauliza, "kwamba hakuna mtu aliyeyagusa madebe hayo?" Nikamwambia swali lake ni zuri sana. Kila aliyewahi kufundisha anajua maana ya jibu hilo.

Walikuwa kumi na wawili, wadudu wadogo wa kutoboa mbaazi. Niliwabeba katika kisanduku cha kiberiti, na walipokuwa wakitembea humo nilisikia vidole vyangu vikiwasha. Lakini nikianza na kisanduku nitajisifu mimi, na tayari nimejisifu vya kutosha katika maisha yangu. Nianze na yule mwanamke.

Sisi tulimwita mtunza mbegu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, ukishuka kuelekea mtoni, na kila aliyeishiwa na mbegu kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya mto alijua njia ya kwenda huko. Alikuwa na vibuyu vya mbaazi, vya kunde, vya mtama, na kimoja ambacho hatukuruhusiwa kukiulizia. Mbegu alizitoa bure. Ungo wake, hata hivyo, hakumwazima mtu. Mama yangu aliwahi kuomba ule ungo siku ya harusi ya dada yake, akaambiwa, "Chukua kibuyu kizima cha kunde, mwanangu, lakini ungo unajua mkono wangu." Mama alirudi na kunde ambazo hakuzihitaji, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa viti vya mbele, lakini aliomba macho wazi. Mchungaji alipomkemea alijibu kwamba mwizi hafungi macho yake wakati wa sala. Ugoro ulikatazwa, naye alivuta. Wote tulijua, mchungaji pia alijua, na Jumapili moja, katikati ya maombi ya mvua, alipiga chafya tatu ambazo ziliamsha watoto waliobebwa mgongoni. "Ni vumbi," akasema kwa sauti. Jumapili iliyofuata alikuja na kifagio, akafagia kanisa zima kabla ya watu kufika, ili uongo wake uwe na heshima kidogo.

Katika ile njaa ya miaka ya vita, watu walipokula mbegu zao, yeye hakula. Mama alisimulia kwamba watoto wake walilia mpaka majirani wakamlaani, naye alikaa mlangoni mwa ghala akisema mbegu si chakula, ni deni la watoto wa kesho. Mvua iliporudi, nusu ya kijiji ilipanda kutoka vibuyu vyake. Lakini mama alisimulia pia jambo la pili, kwa sauti ya chini: kwamba mwaka ule ule mtoto wa jirani alikuwa karibu kufa, na kwa siku nne mfululizo alipelekewa uji wa kunde. Kunde zilitoka wapi? Mtunza mbegu aliulizwa mara nyingi na akakana kila mara. Nadhani nilijifunza kukana kwake.

Majivu ndiyo yaliyokuwa elimu yake. Baada ya kupura na kupepeta, alichanganya mbaazi na majivu ya mabua ya mbaazi zenyewe pamoja na majivu ya samadi kavu ya ng'ombe, kibaba kwa kibaba, akikoroga kwa mkono mpaka kila punje ikawa ya kijivu kama nywele za mzee. Samadi nzuri, alisema, ni ya Tseikuru. "Watu wa kule wana ng'ombe wengi na mbaazi kidogo. Sisi tuna mbaazi nyingi na ng'ombe wachache. Mungu siku ya kugawa alikuwa na haraka." Mbaazi zilizolala katika majivu hayo zingekaa misimu miwili bila tundu hata moja. Akizitaka, anazipepeta asubuhi, na mchana zinang'aa.

Shida ilianza pale mbaazi zetu zilipotakiwa ng'ambo.

Bwana Duka, mfanyabiashara mmoja ambaye baba yake alitoka pwani akajenga hapo sokoni, alipata mnunuzi wa nje kupitia Mombasa. Akaja kwa akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana shambani, ambacho mtunza mbegu ndiye aliyekiongoza. Nyumba arobaini zikaleta mbaazi, gunia kwa kila nyumba, zikapangwa katika ghala la Bwana Duka. Lakini meli haikubali gunia bila cheti. Lazima afisa wa kilimo athibitishe kwamba mazao hayana mdudu wala ugonjwa wala udongo. Udongo hasa. Udongo wa nchi moja usiende kuchafua nchi nyingine.

Bwana Shamba, Mzungu wa idara ya kilimo, alikuja kutoka Kitui na gari lake, na bambo lake mkononi, lile bomba la chuma lenye ncha ambalo huchomwa ubavuni mwa gunia na kutoa punje za ndani. Akachoma gunia la kwanza. Zikatoka mbaazi, na pamoja nazo ukatoka moshi wa kijivu ukakaa juu ya viatu vyake. Akachoma la pili. La tatu. Mimi nilikuwa pale. Ilikuwa likizo, na sikuweza kukosa.

"Hii nini?" akasema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha farasi. "Hii udongo! Udongo hapana kwenda ng'ambo. Mimi hapana piga sahihi."

"Si udongo, Bwana," akasema mtunza mbegu. "Ni majivu."

"Udongo, majivu, vumbi, yote moja. Uchafu."

"Hapana moja. Udongo unaotesha. Weka punje kwenye majivu uone kama itaota. Majivu ni kitu kilichopita motoni. Huo ugonjwa wako unakaa wapi ndani ya moto?"

Bwana Duka, ambaye hakupenda kubishana na mtu mwenye muhuri, akaingilia kati. "Mama, tuzioshe tu tumalize. Maji yapo."

"Zioshe," akamwambia. "Kesho zitakuwa zimeota, utauza miche."

Watu walicheka, na Bwana Shamba, ambaye alijua Kiswahili cha kutosha kujua wakati watu wanacheka, akawa mwekundu. Akasema neno lake la mwisho: majivu yote yatolewe leo, mbaazi zikae safi ghalani, naye atarudi kukagua baada ya miezi miwili, kwa sababu ana wilaya nzima ya kuzunguka.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, na kila mama pale alilijua. Miezi miwili bila majivu ni chakula cha fukusi. Majivu yangekuwa yameondolewa kwa amri yake, na yeye mwenyewe angerudi kukataa magunia kwa sababu ya wadudu. Nyumba arobaini zingebaki na mbaazi za tundu tundu.

Mtunza mbegu hakupiga kelele. Alivuta kanga, akakaa juu ya gunia la kwanza. Nasema akakaa; mwanamke wa rika lake, mbele ya Mzungu aliyesimama.

"Bwana, unayo haki ya kukataa," akasema. "Lakini usikatae kwa maneno. Chukua madebe mawili. Moja tia mbaazi zangu na majivu yake. Jingine tia mbaazi zako zilizopepetwa safi. Yakae ofisini kwako, kwa karani wako, sio kwangu. Ukirudi, fungua. Kama kwenye langu kuna fukusi mmoja anayetembea, mwaga magunia yote arobaini barabarani na mimi nitakushikia mdomo wa gunia. Kama hakuna, magunia yatalala na majivu yake mpaka siku ya lori. Siku hiyo tutapepeta mbele yako, na wewe utapiga sahihi."

Alikuwa ameweka mbaazi za wenzake zote juu ya debe moja bila kuwauliza. Mmoja akamwita, "Mwaitu!", neno letu la mama, kwa sauti ya kumkanya. Hakugeuka.

Bwana Shamba alitazama viatu vyake. Nafikiri alikuwa mtu wa haki kwa namna yake; alipenda vitu vinavyoweza kuhesabiwa. "Haya," akasema. "Miezi miwili."

Madebe yakawekwa juu ya rafu katika ofisi ndogo ya kilimo pale sokoni. Juu ya kila moja kikafungwa kitambaa cheupe kwa kamba ya katani, ili mbaazi zipumue. Karani alikuwa kijana mpole wa Kasikeu, mwenye mwandiko mzuri na baiskeli aliyoipenda kuliko mwandiko. Alikuwa ameniruhusu kusoma magazeti yake ya zamani, kwa kuwa mimi nilikuwa msichana pekee wa sokoni aliyesoma shule ya bweni, na yeye aliheshimu mtu yeyote anayesoma.

Hebu niseme wazi jinsi nilivyofikiri, maana ni aibu ya aina yake. Sikuwa na shaka na mtunza mbegu. Nilikuwa na shaka na fukusi. Debe la Bwana Shamba lilikuwa limejazwa mbaazi zilizochaguliwa punje kwa punje. Je, kama fukusi hawakujaliwa kuingia humo? Madebe yote mawili yangekuwa safi, naye angesema, mnaona, majivu hayana kazi. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba jaribio lazima liwe na haki. Nikaamua kulisaidia lipate haki. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na sijawahi tena kuwa na hakika namna ile.

Asubuhi moja karani alitoka nje kujaza upepo gurudumu la baiskeli yake. Nilifungua kamba ya debe la Bwana Shamba, nikamimina kisanduku changu, nikafunga tena. Nilirudi kwenye gazeti, na bado naikumbuka habari niliyojifanya kusoma: bei ya ng'ombe huko Machakos.

Kumbe mtunza mbegu naye alikuwa na desturi yake. Kila siku ya soko aliingia ofisini, akasimama mbele ya rafu.

"Umekuja kufanya nini, mwaitu?" karani angeuliza.

"Kusalimu mbaazi zangu."

"Zimeitikia?"

"Zinalala. Zako ndizo zinazojikuna."

Nilirudi shule kabla ya miezi miwili kwisha. Habari niliipata kwa barua ya baba, mistari miwili kati ya maneno ya kunihimiza nisome hesabu: Bwana Shamba amefungua madebe mbele ya watu, na la kwake limejaa fukusi mpaka kitambaa kinachezacheza; la majivu halina mdudu hai. Siku ya lori akina mama walipepeta magunia arobaini tangu alfajiri, na soko lote likawa la kijivu, hata mbuzi. Bambo lilichomwa, mbaazi zikatoka safi, sahihi ikapigwa.

Mama ndiye aliyenieleza lililofuata. Lori likiwa limewashwa, mtunza mbegu alisimama mbele yake na kutaka cheti kisomwe. Karani akasoma. Mahali pa jina la mwenye mazao liliandikwa jina la Bwana Duka peke yake.

"Sisi tuko wapi?" akauliza.

"Mama, fomu ina nafasi moja," akasema Bwana Duka.

"Basi ongezeni fomu."

Hakutoka mbele ya lori. Mwishowe karani aliandika nakala ya pili kwa mkono, na nyuma yake akaandika majina ya akina mama wote arobaini, huku dereva akipiga honi na wao wakimtajia mmoja mmoja bila haraka, na wengine wakiongeza jina la baba. Nakala ile haikuwa na nguvu yoyote ya sheria. Bwana Shamba aliigonga muhuri hata hivyo.

Msemo wake uliotembea sana baada ya hapo ulikuwa, "Fukusi hajui kusoma." Alimwambia chifu aliyekuja na tangazo la kutaka watu wakachimbe matuta wiki ya kupanda. Aliwaambia wazazi waliojivunia vyeti vya watoto wao. Mimi nilipokwenda chuo kikuu alinishika mkono na kuniambia hivyo hivyo, na sikujua kama ni baraka au dharau. Lakini yeye huyu huyu aliyecheka karatasi hakuwahi kutupa karatasi hata moja. Kadi ya ubatizo, stakabadhi za kodi za marehemu mumewe, barua asizoweza kuzisoma, zote alizitunza katika kile kibuyu ambacho hatukuruhusiwa kukiulizia. Na ndani yake, bila shaka, kulikuwa na majivu.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka jana. Alikuwa amekaa jikoni kwake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ungo mapajani, akichagua kunde kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Nilikuwa nimekuja na kilo mbili za sukari na dhambi moja. Nilikuwa nimeandika makala ndefu juu yake, kitu cha kusifu maarifa ya wazee wetu, na usiku mmoja kabla ya kuituma nilishindwa. Nilimwambia kila kitu: kisanduku, gurudumu, bei ya ng'ombe.

Aliendelea kuchagua kunde.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Fundo. Mimi nilifunga madebe yale kwa mkono wangu. Siku ya soko nimekuja kusalimu, naona debe la Mzungu limefungwa fundo la viatu. Nikajiuliza, ni nani katika soko hili ana viatu vya kamba? Bwana Shamba, ambaye yuko Kitui. Na msichana wa shule."

Nilikuwa msomi wa shahada mbili, na katika fundo hilo nilikuwa nimemwachia kitabu wazi mezani.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Debe limeharibika, tuanze tena? Miezi ingeongezeka, mvua ingekuja." Akapuliza makapi. "Lakini nilikasirika. Wewe ulidhani majivu yangu yanahitaji kusaidiwa."

Akarudi kwenye kunde zake.

"Karani alikuwa nje na ile baiskeli yake. Nikafungua, nikakoroga juu juu kwa kidole, nikawahesabu wako. Nimepata kumi na moja, mmoja amejificha au wewe hujui kuhesabu. Siku ya soko iliyofuata nikaja na wangu kwenye pindo la kanga. Ishirini. Nikawatia kwenye majivu."

"Kwenye debe lako mwenyewe?"

"Ndiyo. Wa kwako kumi na moja, wa kwangu ishirini, ili mtu asije akasema nimependelewa na msichana wa shule." Akanitazama, au akatazama upande nilipokuwa. "Sasa nenda kaandike."

Akaingiza mkono katika kibuyu, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikung'uta. Majivu yakaanguka kwenye sakafu. Ilikuwa ile nakala, yenye muhuri mbele na majina arobaini nyuma. Karatasi haikuwa na tundu hata moja.

Ningependa kusema niliamini papo hapo. Lakini nimesomeshwa na serikali mbili na kanisa moja, na nimefundishwa kushuku. Njia nzima ya kurudi Nairobi nilijiambia kwamba wazee hulipa dhambi za watoto kwa hadithi. Kwamba alinionea huruma, kama alivyomwonea yule mtoto wa uji wa kunde, na kwamba kama kweli aliwatia fukusi ishirini, mtu angewaona. Barua ya baba ilisema hakuna mdudu hai. Haikusema chochote juu ya wafu. Kama debe la majivu halikuwa na kitu, basi ushindi wake wote ulisimama juu ya kisanduku changu cha kiberiti, na mimi ni mwongo mwenye makala nzuri.

Karani bado yuko hai. Alistaafu, akarudi kwao Kasikeu, na sokoni huko kuna duka lenye simu. Nilipiga Jumatatu nikaambiwa ameenda shambani. Jumanne nikaambiwa nisubiri, nikasikia mtu akiitwa kwa mbali, kuku, redio, kisha pumzi ya mzee aliyetembea haraka.

Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama inavyopasa. Nikamuuliza juu ya baiskeli. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka siku madebe yalipofunguliwa.

"Siwezi kusahau! Bwana Shamba alinikalisha na sindano na karatasi nyeupe, nikamwaga debe la majivu lote, nichambue. Nikakuta wadudu."

"Hai?"

"Wafu. Wamelala chali, miguu juu, wa kijivu kama mbaazi zenyewe. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Bwana Shamba akaniambia, aliyekufa hapana hesabu, funga mdomo. Nikafunga. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Walikuwa wangapi, mzee?"

Sikumtajia idadi. Nilishika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Ishirini," akasema. "Niliwahesabu mara mbili. Na mpaka leo najiuliza, mwalimu, waliingiaje mle?"

"Tuliwatia sisi," nikasema.